Pigo Moja la Kusimamisha Winchi

Mniwie radhi kwa kimya changu cha wiki tatu. Wengi mmeniuliza kwa nini siandiki tena hapa. Sikuwa mgonjwa. Sikujua nianzie wapi.

Wafula amekufa. Nayaandika maneno hayo, nayatazama, na akili bado inayakataa.

Hapa mtaani Ziwani mlimjua kwa sauti yake ya besi kanisani. Kwangu alikuwa jirani wa mlango wa pili na rafiki, ingawa mimi ni mstaafu wa reli na nilimzidi umri kwa mbali.

Kazini, kwenye mjengo wa ghorofa kule Pipeline, yeye ndiye aliyetoa ishara. Alisimama juu na kipande cha chuma, akigonga bomba. Mara mbili: winchi ipandishe ndoo ya konkriti. Mara moja: simamisha.

Ishara hizo alikuja nazo hadi mezani kwangu. Mke wangu akimmiminia chai, aligonga meza mara mbili: "Mama, pandisha!" Kikombe kikijaa, aligonga mara moja. Nilimkemea kwa kuchezea meza ya watu. Alinicheka: "Mzee wa Reli, hata treni yako si ilisimama kwa bendera tu?"

Siku ya kumwaga slab, ile sakafu ya konkriti, kazi haikatizwi. Kila alipogonga moja, foreman, msimamizi wa kazi, alipaza sauti kutoka chini: "Nani huyo amesimamisha? Ni wewe tena, Wafula? Kesho ubaki kwako!" Foreman mwenyewe alikuwa na simu ya mwenye jengo sikioni tangu asubuhi, akihimizwa.

Vibarua huchaguliwa getini kila siku. Ukishaudhi, kidole kinakupita.

Jumapili ya mwisho alikuja kwangu baada ya ibada. Mke wangu alimimina chai, akingoja agonge. Hakugonga. Kikombe kilijaa, chai ikashuka kwenye kisahani, ikafika kwenye kitambaa. Yeye anaitazama tu.

"Wafula! Umelala?"

"Pole, Mama. Siku hizi kugonga moja ni kesi."

Nami nikamwambia nini? Nilimwambia avumilie, kazi ni kazi. Nikajiona nimemshauri.

Jumanne ndoo ilinasa kwenye mbao za ukingo. Kevo, kibarua mwenzake aliyesimama hatua mbili kutoka kwake, amenieleza alichokiona. Wafula alikiinua kile chuma. Akachungulia chini alikokuwa foreman. Akakishusha.

Kisha akainama nje ya ukingo aikwamue ndoo kwa mkono, winchi ikiendelea kuvuta. Ilipochomoka, ilikwenda naye.

Ripoti ya mjengo inasema marehemu hakutoa ishara. Ni kweli. Haisemi kwa nini. Ikibaki hivyo, watoto wake watakua wakiambiwa kwamba baba yao alikuwa mzembe.

Afisa wa serikali anayechunguza ajali hiyo yuko tayari kuwasikiliza waliokuwa juu siku ile. Ni wanne. Niliwaita nyumbani, nikawapangia viti, nikajiandaa kusema kwa ukali.

Kevo alinitangulia. "Mzee, sisi wote tunajua. Lakini tukiongea, Jumatatu nani atatuchukua pale getini? Wewe?"

Mdomo wangu ulikuwa tayari kumkaripia. Nikakumbuka ile chai. Nikaketi nao.

Wameomba wazungumze na wake zao kwanza. Sikuweza kuwaharakisha. Mimi sikuwa juu. Neno langu si ushahidi. Mama watoto wa Wafula hunipigia kila asubuhi kuuliza kama wamesema lolote.

Mke wangu amekifua kile kitambaa mara mbili. Alama ya chai haijatoka.

Wafula, ndugu yangu, nisamehe kwa lile "vumilia." Lala sasa. Huko uliko, simamisha upendavyo. Hapana wa kupaza sauti kuuliza nani amesimamisha.

Hawa wanne wakishaamua, nitakuandikia hapa hapa, hata jibu lao likiwa "hapana."