Tangazo Nililolisoma Mambrui

Siku yangu ya kwanza kazini niliogopa farasi kuliko nilivyomwogopa bosi, na bosi mwenyewe hakuwa mtu wa mchezo. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, katika kliniki ndogo ya punda na farasi pembeni mwa Muyeye, hapa Malindi. Bosi tulimwita Daktari Mkuu, ingawa daktari alikuwa yeye peke yake. Alinipeleka kwa farasi mmoja mwekundu, wa wale waliokuwa wakipandwa na watalii ufuoni, akaniambia nimshike hatamu. Nikamwendea kwa nyuma. Daktari alinivuta kwa ukosi wa shati.

"Ukimjia kwa nyuma atakupiga teke," alisema. "Simama begani pake, umguse, umsemeshe. Na hofu yako usiitupe, utaihitaji."

Nilidhani ananitania. Wazee husema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, lakini kijana hapendi kuitwa mwoga, na mwaka haukuisha kabla sijaitupa hofu yangu mbali.

Kazi niliipenda. Wagonjwa wetu wengi walikuwa punda wa kubeba maji, mawe na makuti, kutoka mjini, Mambrui na hata Kakuyuni. Walikuja na vidonda vya shogi, yale matandiko ya mizigo yanayochuna ngozi ya mgongo. Walikuja na msokoto, maumivu ya tumbo yanayomfanya punda ajigaragaze. Hapo Daktari aliweka sikio ubavuni, na akisikia kimya, uso wake ulibadilika, kwa kuwa tumbo la punda mzima halikosi kunguruma. Walikuja na pepopunda, inayoingia kwa kidonda cha msumari kwatoni na kumkaza mnyama mwili mzima hadi taya. Daktari alipitisha mrija puani mpaka tumboni kumpa mgonjwa dawa, nami nilishika kichwa.

Lakini niliyojivunia ni kazi ya tangazo. Kila Jumatatu Daktari alinieleza habari za wiki, nami naziandika kwenye kadibodi kwa mwandiko wangu mzuri: farasi wa hoteli amepona mguu, punda wa fulani amezaa, mbung'o wameonekana upande fulani. Chini yake ushauri mmoja wa afya. Tangazo lilikaa mlangoni siku mbili tatu, kisha nalichukua kwa baiskeli hadi Mambrui na kulisoma kwa sauti penye bomba la maji, ambako wenye punda walikusanyika. Waliniita mtangazaji wa punda. Nililipenda jina hilo kuliko nilivyokubali.

Juma moja ushauri ulikuwa juu ya kukabwa. Punda mwenye pupa humeza kipande cha muhogo au kokwa ya embe, kikakwama kooni, na mate na chakula vikamtoka puani. Daktari aliniambia niandike hivi tu: mnyimeni chakula, tuiteni. Kisha akaenda Mnarani kwa siku kadhaa kutazama farasi mgonjwa. Niliyatazama maneno yale nikayaona mafupi, hayana utaalamu. Mimi mwenyewe niliwahi kumtoa punda kokwa kwa mkono, na watu wakanishangilia. Basi nikaongeza: shika ulimi uuvute kando, ingiza mkono, toa kilichokwama. Nikayasoma Mambrui, na namna ya kukunja vidole nikawaonyesha.

Wiki chache baadaye tuliitwa huko kwa Bi Mwanaisha, mjane aliyekuwa akiuza maji kwa punda wake mmoja. Daktari alikuwa na mgonjwa mwingine, nikatangulia. Punda alikuwa amesimama uani, mate yakimchuruzika. Nilimwamkia Bi Mwanaisha shikamoo, akaitikia marahaba, akaninyoshea mkono uliochubuliwa na meno.

"Nimeingiza mkono siku mbili hizi, mwanangu, kama alivyosema Daktari katika tangazo. Sipati kitu."

Nami nikakunja mkono wa shati, nikaingiza wangu. Koo lilikuwa tupu. Nilipoutoa, kidole changu kilikuwa kimechubuka. Punda akageuka akaanza kujiuma mguu wake wa mbele, akijichana nyama, na alipolia sauti ilimtoka imekauka. Wakati huo Daktari akafika. Alisimama mlangoni, hakukaribia. Aliuliza kama kuna mbwa aliyemwuma punda. Bi Mwanaisha akasema mwezi uliopita mbwa mgeni alipita mtaani akauawa kwa mawe, na punda alipata kidonda kidogo tu cha pua, kikapona.

"Nani ametia mkono kinywani?" aliuliza Daktari.

Tuliinua mikono, mimi na Bi Mwanaisha, kama watoto wa chuoni mbele ya mwalimu wa Kurani.

Punda alikufa kesho yake. Daktari alivaa glavu ndefu, akakata kichwa, kikawekwa kwenye barafu na kupelekwa maabara. Jibu lilikuwa lile tulilokwisha kulijua: kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo hupooza koo, ndiyo maana mnyama huonekana kama aliyekabwa, na hupita kwa mate. Ukishajitokeza kwa mtu, hapana dawa. Kinachomwokoa ni sindano kabla haujajitokeza, na zama zile zilichomwa tumboni, kuzunguka kitovu, siku baada ya siku.

Mimi nilianza kuchomwa siku ile ile ya kisa. Bi Mwanaisha alikataa. Alisema mkono haumwumi, kombe la aya za Kurani ameshakunywa, na amesikia sindano hizo huwapasua watu matumbo. Nilimwendea siku mbili, akanirudisha. Chakula kilinishinda. Kila nikifumba macho nilimwona mama yule akitapatapa, akifa kwa maneno niliyoyaongeza mimi ili nionekane mtaalamu. Nilipomwungamia Daktari hakunigombeza, na hilo lilinitisha zaidi. Aliniambia tu kwamba Bi Mwanaisha aliliamini neno la Daktari, basi niende nikamwambie lilikuwa la nani.

Nilimkuta barazani akisuka ukili wa mkeka. Nilimweleza yote nikiwa nimepiga magoti. Vidole vyake viliendelea na ukili.

"Basi lile la mkono lilikuwa lako," alisema. "Na hili la sindano ni la nani?"

"Ni la Daktari, Bi. Nami nachomwa." Nikafunua shati, nikamwonyesha tumbo lenye vinundu vya sindano.

Alilitazama. Kisha akaingia ndani akachukua buibui lake.

Nilifuatana naye hospitali mpaka sindano zote zikaisha. Jumatatu iliyofuata Daktari alinipa kadibodi mpya, nikasoma bombani kwamba ushauri ule ulikuwa wangu, si wake, na kwamba ni wa hatari. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyeniita mtangazaji tena.

Sindano hazikunitoa hofu. Daktari alikiri kwamba Bi Mwanaisha alichelewa kuanza, na ugonjwa ule huweza kujificha miezi, pengine zaidi. Siku ya mwisho ya kuogopa hakuweza kunitajia. Mwaka mzima nilikwenda Mambrui kila Ijumaa, eti kusalimu, nikitazama kama anameza. Alijua. Alijimiminia maji, akayanywa yote mbele yangu, kisha akaniuliza hali ya mamangu. Mwaka ukapita, mimi mzima, yeye mzima. Nilihamishwa Kilifi, nikafanya kazi chini ya madaktari wengine wawili, nikarudi Malindi kumalizia. Kila niliposikia Bi Mwanaisha ana homa, hata ya mafua, nilifunga safari kwenda kumtazama akinywa maji.

Sasa nimestaafu. Vijana wa kazi hii wana glavu za kutosha, na taarifa zao za afya hufikia watu wengi kwa simu kabla chai haijapoa. Nawaonea wivu glavu. Simu siwaonei. Wakinionyesha wanachotaka kutuma, nawauliza neno lipi ni la daktari na lipi ni lao, nao huniona mzee msumbufu.

Mwaka uliofuata kustaafu kwangu, mjukuu wa Bi Mwanaisha, ambaye siku za kisa kile hakuwa amezaliwa, alikuja kwangu asubuhi. Bibi yake amefariki usingizini, alisema. Jana yake alikula, akanywa, akaswali isha, akalala. Nilijua la kusema, Inna lillahi, kila Mwislamu analijua. Lakini lililonitoka, tena kwa sauti, lilikuwa Alhamdulillahi.

Binti yule alinikodolea macho. Aliniuliza taratibu, kama mtu anavyomwuliza mzee asiyesikia vizuri, kama nimelisikia alilolisema. Nilimwambia nimelisikia: alikula, akanywa, akalala.