Maua Niliyomlisha Ng'ombe wa Jirani

Jumatano ile asubuhi nilitema chai. Haikuwa mara ya kwanza, ila siku za nyuma nilizilaumu sufuria za mke wangu, naye akanilaumu mimi kwa mambo mengine kabisa. Maziwa yalikuwa machungu. Tulikuwa tunayapata kwa jirani yetu hapa Buhongwa, mama mtu mzima ninayemwamkia, mwenye ng'ombe mmoja tu, anayemfungia bandani na kumletea majani.

Wateja walikuwa wameanza kumkimbia. Mmoja alimuuliza mbele za watu kama siku hizi anakamua ng'ombe au mwarobaini. Mama alisugua ndoo kwa majivu, akabadili chujio, wapi. Mwisho akakubaliana na mwenye bucha: Jumamosi aje amchukue ng'ombe.

Nilitoka na kikombe changu nikajisikitikie bustanini. Bustani yangu ipo katikati ya mawe, kama mji wetu wenyewe, na fahari yake ilikuwa mstari wa maua meupe, madogo, yenye majani yaliyochanikachanika. Yaliota yenyewe kwenye mchanga uliobaki baada ya ujenzi, mwaka ambao miche yote niliyonunua ilikufa. Mtu mwenye digrii huamini kwamba kinachostawi mikononi mwake kinastawi kwa sababu yake. Nikayahamisha, nikayapanga, nikayamwagilia. Mgeni mmoja aliuliza ni maua gani, nikamjibu kwamba ni ya kigeni, na kwamba yanapenda sana udongo wetu. Sikukosea hata neno.

Yakizidi kimo niliyapunguza, na sikuyatupa. Kiangazi majani ni shida, kwa hiyo niliyachanganya na nyasi, nikafunga mzigo, nikampelekea jirani. "Mungu akubariki, baba," alisema kila mara. Hata kanisani sijawahi kubarikiwa namna ile.

Sasa, asubuhi hiyo, kwa kukosa kazi, nilichuma jani nikalitafuna. Nikasimama ghafla. Nikanywa funda la chai. Nikatafuna jani jingine. Uchungu uleule! Moyo ulinidunda kama nimeokota almasi. Nilikimbia ndani kumwambia mke wangu kwamba nimegundua, nimegundua, na nilikuwa nimefika jikoni ndipo nikakumbuka kwamba mkosaji niliyemgundua ni mimi.

Nilimtumia bwana shamba wa kata picha. Akapiga simu papo hapo.

"Gugu karoti hilo, gugu baya la kigeni! Lina maua?"

"Mengi, tena mazuri."

"Usiyatikise, yatamwaga mbegu. Yakate kwanza, uyatie kwenye kiroba, ndipo ung'oe na mizizi. Vaa glovu, linawasha. Na usije ukalionja."

"Nimeshalionja."

"Hivi wewe ulisoma mpaka wapi?"

Nilimuuliza habari ya maziwa. Akasema ng'ombe akiacha kulishwa gugu lile, huenda yakarudi katika hali yake baada ya siku chache. Siku chache! Kufika Jumamosi zilibaki siku tatu tu.

Nikavuka kwa jirani mbiombio, ndala moja ikibaki njiani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umeleta majani?"

"Nimekuja kuyachukua."

Nikamweleza yote huku nimeinama nikiyatoa horini, miwani ikiniteleza puani. Akaweka mikono kiunoni.

"Yaani mimi nimemnunia wifi yangu wiki mbili, nikidhani ana jicho baya. Kumbe mwenye jicho anavaa miwani!"

Usiku uliotangulia ilinyesha, mvua ya kwanza, udongo ukawa laini. Nilivaa glovu za mke wangu za kufulia, za waridi, nikakata maua na kuyashusha kwenye kiroba taratibu kama ninayebeba mayai. Jirani alikaa juu ya jiwe kunisimamia.

"Huo umeukatia juu! Chimbua, baba, mzizi umebaki unakucheka!"

Nilichimbua. Kila mzizi uliotoka mzima nilimwonyesha, naye akapiga makofi, mpaka tukawa tunapiga kelele kama watu wanaotazama mpira. Sijawahi kufurahia hivyo kuharibu kazi ya mikono yangu. Mengine tuliyakuta yameshapenya nyuma ya choo, mengine kwenye ufa wa mwamba, na kila tulipoona jani la karoti mmoja wetu alipaza sauti, "Lile pale!" Jioni tulichoma vyote shimoni.

Ng'ombe akala matete matupu. Kuhusu kuonja, jirani alishatoa hukumu: "Uliyetia uchungu ndiwe utakayeunywa." Alhamisi alinichemshia kikombe: uchungu. Ijumaa nilimeza nikasubiri, na uchungu ukaja, ila ulichelewa. Nilipomwambia hivyo, akaenda kumwongezea ng'ombe matete.

Jumamosi mwenye bucha alifika mapema, kamba begani. Jirani akamkaribisha kigoda na kunipa kikombe mbele yake. Nikanywa. Nikasubiri. Nikanywa tena, nikamaliza.

"Mama, ni maziwa."

Alinipokonya kikombe, akajimiminia, akanywa mwenyewe bila kupumua. Kisha akamgeukia mgeni.

"Ng'ombe hauzwi. Ila usirudi mikono mitupu, mchukue huyu jirani yangu. Umchemshe sana tu, ana uchungu."

Mwenye bucha akanipima kwa macho, kitaalamu, kuanzia mabegani kwenda chini. Nami nikanyoosha mkono niongezewe maziwa.