Kamera mpya, kamera ya zamani, na sura ya Bibi

Jamani, leo nimeaibika, uso sijui niuweke wapi.

Nilitaka niwaonyeshe kamera yangu mpya ya mirrorless inavyoiacha mbali ile ya zamani niliyompa mdogo wangu Zaina. Tukaenda kijijini Mungaa kwa Bibi, tukampiga picha, kila mtu na kamera yake. Kiti kilekile, jua lilelile.

Yangu imetoka safi, unahesabu hadi makunyanzi. Ila Bibi kanuna.

Ya Zaina ina chenga. Bibi anacheka mpaka mapengo yote nje!

Nikauliza, "Bibi, mbona kwangu hujacheka?"

"Mwenzio kafika kaniamkia. Wewe umefika ukanielekezea hicho kidude."

Nikapiga magoti, kamera shingoni.

Zaina naye akabonyeza.

Hiyo picha ya tatu ni shikamoo yangu iliyochelewa. Picha ina chenga, ila shikamoo yenyewe haina hata chenga moja.

Haya, nisemeni.