Ladha ya Ndururu

Mpishi wa kawaida akitaka kujua chumvi huchota mchuzi kwa kijiko. Bi Kijakazi wa Mtaa wa Sikukuu hakufanya hivyo. Alikuwa akiuhamishia mwiko mkono wa kushoto, akakunjua kiganja cha kulia, akadondoshea mchuzi katikati yake, kisha akaulamba na kufumba macho. Kiganja cha kulia, kwa sababu mkono wa kula ni huo huo mmoja. Kijiko, alisema, kinaongopa. Kina ladha yake mwenyewe.

Nilipanga chumba cha uani nyumbani kwake mwaka lilipofunguliwa soko jipya la Kariakoo, lile lenye paa la miavuli ya zege. Nilidhani ningekaa mwezi nikaendelea na safari. Nilikaa zaidi ya mwaka, na sehemu kubwa ya sababu ilikuwa pilau.

Yeye ndiye aliyepika shughuli nyingi za mitaa ile: harusi, arobaini, maulidi. Sufuria lake kubwa liliwekwa juu ya mafiga alfajiri na likateremshwa wakati watu wanatoka kuswali adhuhuri. Aliwafundisha wasichana kwamba supu ya pilau lazima izidi chumvi kidogo kabla mchele haujaingia, maana mchele utainywa. Kidogo hicho ni kiasi gani, hakuweza kukisema kwa maneno. Kilikaa kwenye kiganja chake.

Kiganja chenyewe kilikuwa kinajifunga. Vidole vilivimba kwenye viungo kama tangawizi mbichi, na vyote vilianza kulalia upande mmoja, kama watu waliokaa kwenye jahazi linalopinduka. Asubuhi ndiyo iliyokuwa mbaya. Mumewe, Mzee Zahoro, fundi wa majiko ya mafuta ya taa, alimfunga kanga kiunoni, akamkanda mikono kwenye beseni la maji moto mpaka vidole vikakubali kushika kikombe. Wenyewe waliuita ugonjwa huo baridi yabisi. Walimpaka mafuta ya nyonyo, walimpaka mafuta ya karafuu, na aspirini alizokunywa zilimfanya asikie nyenje masikioni mchana kutwa.

Siku aliposhindwa kukunjua kiganja mbele ya sufuria la watu, ikabidi Zena, mtoto wa mdogo wake, amlishe mchuzi kwa kijiko mbele ya wanawake wenzake, alirudi nyumbani akasema, "Kesho naenda hospitali."

Daktari aliyempokea alikuwa kijana wa Mahenge, jina lake Pantaleo, mpole na mwenye sauti ya kanisani.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, baba. Hii mikono imenichoka."

Alimkagua kidole kimoja kimoja. Alimweleza kuwa si baridi na wala si mtu aliyemfanyia kitu. Ni mwili wenyewe umepotea njia, unapiga viungo vyake ukidhani ni adui. Vidole vikishalala upande, alisema, hakuna dawa ya kuvirudisha. Kinachowezekana ni kuuzuia ugonjwa usiendelee.

"Ipo sindano ya dhahabu. Lakini ni dawa kali, Bi."

"Kali kama nini?" aliuliza Bi Kijakazi. "Kama pilipili, kama kisu, au kama mbwa?"

Daktari alicheka, kisha akafikiri. "Kama mbwa. Inalinda nyumba. Siku nyingine inamng'ata mwenye nyumba."

Nimepita nchi kadhaa ambako dawa ya namna hiyo huitwa yenye nguvu, kana kwamba ni mpagazi wa bandarini. Kiswahili kimeipa meno, nami naona Kiswahili kimesema kweli.

Daktari hakumficha kitu. Dawa hiyo inaweza kuharibu figo, ndiyo maana kila anapokuja kuchomwa atapimwa mkojo kwanza. Inaweza kuharibu damu. Inaweza kuleta vipele mwili mzima na vidonda mdomoni. Wengi hawapati lolote, wachache hupata, na wachache kabisa wamekufa. Na ilikuwa ya polepole. Ingepita miezi kabla hajaona tofauti. Vilikuwepo vidonge vya haraka zaidi, lakini hivyo huvimbisha uso na kula mifupa taratibu, na mtu akishavizoea ni shida kuviacha.

"Na ipo dalili moja ya mapema," alimalizia. "Ladha ya chuma mdomoni. Ukiipata, usingoje. Niambie siku hiyo hiyo."

Bi Kijakazi alimwangalia. "Mdomoni?"

"Mdomoni."

"Baba, unajua kazi yangu?"

Hakuijua. Akaambiwa. Akaivua miwani na kuifuta kwa koti lake jeupe, kisha akasema aende nyumbani akazungumze na watu wake.

Watu wake walizungumza sana. Mzee Zahoro aliweka chini jiko alilokuwa akilizibua kwa sindano.

"Dhahabu! Mimi miaka yote nimeshindwa kukuvisha hata hereni, leo Serikali inataka kukujaza mwili mzima?"

"Wivu huo."

"Ukifa hatukuziki, bibie. Tunakuyeyusha."

"Yeyusha mdomo wako kwanza."

Kufikia jioni mtaa mzima ulijua. Jirani yetu aitwaye Mgeni, mwanamke aliyeuza viungo sokoni na kumpimia Bi Kijakazi bizari kwa miaka mingi, alikuja na kukaa kizingitini. Yeye hakuwa na mzaha.

"Usikubali, shoga yangu. Mpishi akikosa mikono anatafuta wa kumkorogea. Akikosa ulimi anabaki nani? Mla wali tu kama sisi."

"Na mtu mzima anayefungwa kanga na mumewe kama maiti?" aliuliza Mzee Zahoro. "Huyo anabaki nani?"

Bi Kijakazi alikuwa ameitumbukiza mikono kwenye beseni, anaitazama ndani ya maji kama anatazama samaki wa mtu mwingine.

Aliwaza siku kadhaa. Sikuwahi kumwona akipima jambo kwa muda mrefu hivyo. Bizari aliipima kwa kuitazama tu. Mwishowe alitoa sababu yake asubuhi moja, akiwa anasubiri chai ipoe.

"Ulimi ukitaka kuondoka utaniaga. Daktari kasema: utaonja chuma, basi nitajua. Vidole haviagi. Vinaondoka tu." Akamgeukia mumewe. "Nitachoma sindano."

Basi akaanza. Kila wiki alikwenda hospitali na chupa ya mkojo ndani ya kikapu, juu yake kafunika mafungu ya mchicha ili watu wasione. Njia yake ilipita sokoni, na wauza ndizi hawakumwacha.

"Bi Kijakazi! Mbona unakibeba kikapu kama umebeba mayai? Asali hiyo?"

"Asali. Nikuletee uonje?"

Mvua za masika zilikuja zikaondoka, na hapakuwa na nafuu. Alilalamika kwamba dhahabu yote inaishia kwenye makalio. Mgeni alimwambia aache. Mzee Zahoro aliendelea kumfunga kanga bila kusema neno, na kwa mtu yule kutokusema neno ilikuwa kazi kubwa.

Halafu asubuhi moja Bi Kijakazi alitoka chumbani na kanga imefungwa. Fundo lilikuwa limekaa upande, baya, kama la mtoto. Mzee Zahoro aliliona, akashika mlango.

"Nani kakufunga?"

"Bwana mwingine," alisema Bi Kijakazi, akaenda kuwasha moto.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa furaha. Uvimbe ulishuka. Vidole vilivyokwisha kulala upande vilibaki vimelala, lakini maumivu yaliviacha, na kiganja kikakunjuka kidogo kidogo mpaka kikawa wazi karibu kama zamani. Alianza kushika mwiko tena. Alipokuja Seifu, mfanyakazi wa bandarini aliyekaa Mtaa wa Narung'ombe, kumwomba apike harusi ya binti yake, alikubali kabla Seifu hajamaliza kusema.

Siku hiyo nilikuwapo, maana wapangaji nao walialikwa. Mafiga yalipangwa uani, moto ukashika, nyama ikaiva, na harufu ya hiliki na mdalasini ikatoka hadi barabarani. Ulipofika wakati wa chumvi, Bi Kijakazi alihamisha mwiko, akakunjua kiganja, akadondosha, akalamba, akafumba macho.

Akayafumbua haraka.

Baadaye alinieleza alichokionja. Alipokuwa mtoto akitumwa dukani, alitia ndururu shavuni ili asiipoteze njiani, ile senti tano ya shaba, akainyonya mpaka dukani. Ladha ile ile. Ilikuwa imerudi mdomoni mwake, mbele ya sufuria la watu.

Alidhani ni sufuria. Alimwita Zena aonje.

"Tamu, mama mkubwa."

Alimwita Mgeni. Mgeni akaonja kwa utaratibu, kama anayekagua mali. "Chumvi imepungua kidogo. Mbona?"

Bi Kijakazi alikwenda kwenye mtungi, akanywa maji. Ndururu. Akatafuna tende. Ndururu. Akasimama pale na kata mkononi, nami nikadhani amechoka tu.

Wageni walikuwa wameshaanza kufika. Alirudi kwenye sufuria, akamshika Zena bega.

"Leo unaonja wewe. Usiniambie tamu, tamu haina maana. Ongeza chumvi kidogo kidogo. Ukimeza ukatamani kunywa maji, lakini si sana, hapo simama."

"Na nisipojua?"

"Utajua. Koo lako ni la mama yako, na mama yako ni damu yangu."

Pilau ilisifiwa. Seifu alisimama mbele ya watu akasema tangu azaliwe hajala kama ile. Bi Kijakazi alipokea sifa, akala kidogo, asione tofauti kati ya nyama na mwiko.

Hakumwambia mumewe wala Mgeni. Siku ya pili yake ilikuwa siku ya sindano. Alikwenda na kikapu chake, akakaa kwenye benchi la hospitali akikunja na kukunjua kiganja. Alikiri kwangu baadaye kwamba pale benchini aliwaza kunyamaza. Nani angejua? Mkojo haukuwa na kitu. Nesi alishautazama na kusema ni safi. Ladha haionekani kwa darubini. Kanga anafunga mwenyewe, mwiko anashika mwenyewe, na Zena ana koo zuri. Angeweza kuchoma wiki hii, na ile nyingine, na nyingine.

Dokta Pantaleo alikuwa ameshaivuta dawa kwenye bomba la sindano.

"Vipele, Bi?"

"Hamna."

"Mdomo?"

Bi Kijakazi alikikunja kiganja. Kisha akasema neno moja.

"Ndururu."

Daktari, aliyekulia Mahenge kwa mapadre, alimtazama kwa huruma. Aliiweka sindano kwenye sahani, akatia mkono mfukoni mwa suruali, akaanza kutafuta.

"Sina ndogo, Bi. Nauli imekupungukia?"

Bi Kijakazi alicheka mpaka akashika meza. "Sikuombi, baba! Ndururu ninayo mwenyewe. Iko mdomoni."

Ndipo daktari alipoelewa, na uso wake ukabadilika. Alimfunua mdomo, akamulika kwa tochi, akaona chini ya ulimi kidonda kidogo chekundu ambacho mwenyewe hakuwa amekihisi bado. Ile sindano haikuchomwa. Alitolewa damu ikapimwe.

"Umefanya vizuri kusema," alisema daktari. "Mwingine angenyamaza."

"Nusura."

"Damu ikiwa nzuri tutapumzika mpaka mdomo upone. Halafu tujaribu tena, dawa kidogo zaidi na kwa nafasi ndefu zaidi. Tukiona chuma kimerudi, tunaacha moja kwa moja."

"Na mikono?"

"Haitaharibika kesho. Lakini kwa dawa ndogo siwezi kukuahidi mikono yote, Bi. Labda nusu."

Bi Kijakazi alikiweka kiganja mezani, akakitazama. "Nusu ya mkono na ulimi mzima," alisema. "Naichukua hiyo."

Damu ilikuwa nzuri. Ulimi ulirudi baada ya majuma kadhaa. Tulijua sote siku uliporudi, kwa sababu alimwita Mgeni kutoka barabarani kwa sauti ya kusikika sokoni, kumwambia bizari aliyomuuzia imelala ghalani tangu mwaka jana.

"Alhamdulillahi," alisema Mgeni, na machozi yalimtoka. "Sasa ameanza matusi."

Kabla sijaondoka Dar es Salaam nilimwona akipika tena, kwenye maulidi ya mtaani. Alikuwa ameshaanza ile dawa ndogo. Alikaa kwenye kigoda, Zena amesimama na mwiko, maana kukoroga sufuria zima alikwisha kuacha. Kanga alifunga mwenyewe siku nzuri. Siku mbaya alifungwa na Mzee Zahoro, ambaye alidai alipwe hereni kutokana na dhahabu ile. Kiganja chake hakikukunjuka tena hadi mwisho. Kilibaki kimejikunja kidogo, kama kibakuli.

"Mama mkubwa, chumvi," alisema Zena.

Bi Kijakazi alikinyoosha kiganja. Zena alidondosha mchuzi, nao ukatulia pale katikati, haukumwagika hata tone.

"Umeona?" alimwambia Zena. "Zamani ulikuwa unanichuruzikia mpaka kwenye kiwiko."

Akalamba. Akafumba macho, akakaa hivyo muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, na wote tuliokuwa uani tukamsubiri.

"Tia mchele," alisema.