Zamu ya Maji Kisiwani

Safari yote ilitugharimu shilingi kumi na nne na senti sitini, kuku mmoja, na kofia ya mzee wa kanisa iliyochukuliwa na upepo tukiwa juu ya lori. Nimehesabu mara mbili. Mara ya kwanza niliisahau kofia, kwa sababu haikuwa yangu.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, miaka yake ya mwisho mwisho, ingawa wakati ule hakuna aliyejua kuwa ni ya mwisho. Kila mwaka, mavuno ya mlimani yakishapanda darini, usharika wetu wa Upare ya Kusini ulituma kikundi kishuke tambarare kwa siku chache, kutembelea watu majumbani mwao. Mnapiga hodi, mnaimba, mnasoma, mnaomba, mnakula mnachopewa, mnakwenda nyumba ya pili. Mwaka ule tulikuwa watano: mwinjilisti, mzee wa kanisa, wasichana wawili wa kwaya waliocheka kila kitu, na mimi. Mimi sikuchaguliwa kwa ajili ya sauti. Nilikuwa mama kijana, nikiuza ndizi na maharage stesheni ya Same, madirishani mwa treni, na mwinjilisti alitamka mbele ya watu kwamba kikundi kinahitaji mtu asiyeweza kuuziwa chumvi kwa bei ya sukari. Nikashukuru. Sijapata sifa nyingine kanisani tangu siku hiyo.

Tulishuka ndani ya ukungu. Kila mtu aliuona mgongo wa aliye mbele yake, basi, na mgongo wenyewe ulikuja na kupotea. Wasichana waliimba huko mbele, lakini sauti zao zilitoka juu, nyuma, bondeni, popote zilipopenda. Nilibeba sufuria kichwani na nikadhani kwa kitambo kirefu kwamba bado nimelala, kwamba mume wangu atanigusa bega sasa hivi na kuniambia kumekucha. Kisha ukungu ukakatika kama kitambaa, tukajikuta kwenye jua, na Same iko chini yetu na mabati yake machache na reli iliyonyooka kama imepigwa rula.

Lori la kwenda kijiji cha Kisiwani lilitudai nauli ya watu sita. Nikauliza wa sita ni nani. Dereva akasema ni ngoma yetu. Tukapatana kwamba ngoma ni mtoto wa mapajani, ikalipa nusu.

Huko tambarare joto linafanya mambo yake. Nyumba zilionekana zimeinuka kidogo kutoka ardhini, zinaelea. Mbuzi walipita bila miguu. Milima yetu tulikotoka asubuhi ileile ilikaa kwa mbali, ya buluu, kama milima ya kusimuliwa, na nilipoitazama sikuamini kuwa nina mlango na kuku na mkwe juu kule. Tulitembea ndani ya mwanga huo nyumba hadi nyumba, na ninachokumbuka zaidi ni nyuso zikitoka kwenye milango yenye giza, moja baada ya nyingine, taratibu, kama watu wanaotoka majini.

Saa za kutembelea alizipanga mwinjilisti. Asubuhi hatutoki kabla ya saa nne, alisema, tusije tukamkuta mtu kwenye maji. Hiyo ni adabu ya kwetu. Mlimani maji ya mto hukusanywa usiku kucha kwenye ndiva, bwawa letu la udongo, na alfajiri hufunguliwa, kila nyumba ikamwagilia kwa zamu yake. Umande unapokauka maji yameisha, watu wananawa miguu na wanaweza kupokea wageni. Mtu anayepiga hodi kabla ya hapo hana malezi. Wote watano tuliliona jambo hilo ni sawa kabisa, hata mimi ninayejiona mjanja.

Siku ya pili, saa nne, tukapiga hodi kwa bibi mmoja mjane, nyumba yake iko kando ya mfereji.

"Karibuni, karibuni ndani."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Mmetoka mlimani? Na baridi yenu mmekuja nayo?"

"Tumeiacha, bibi," mzee wa kanisa akasema. "Ilikuwa nzito kubeba."

"Mngeleta hata kidogo."

Alikuwa ameshabandika makande, au labda aliyabandika alipotusikia tukiimba njiani. Makande si chakula cha haraka. Alitukalisha, akatupa maji ya kunywa, kisha akakaa yeye mwenyewe kwenye ukingo wa kigoda karibu na mlango, magoti yakielekea nje. Miguu yake ilikuwa na tope bichi. Niliona. Nikaona pia jembe limeegemezwa ukutani nalo lina tope, na sikujumlisha. Mimi ninayeishi kwa kujumlisha, siku ile sikujumlisha. Kosa hilo naliweka kwenye hesabu ya joto.

Tukaimba, beti zote. Mwinjilisti akasoma. Kisha akamuuliza kwa upole, maana alikuwa mtu mpole kweli, "Bibi, tukuombee nini?"

Bibi akatazama nje. "Mniombee mahindi yangu."

"Yamefanyaje?"

"Yana kiu. Yametoa mbelewele juzi. Yakikosa maji sasa hayazai, na mimi sina shamba lingine."

Mwinjilisti akatuambia tufumbe macho. Alianzia jangwani, na wana wa Israeli, na mwamba. Kutoka hapo akaenda polepole kuelekea kwa Eliya, na kila aliyekuwa na kiu njiani hakumpita. Ndani mle kulikuwa na giza la kupendeza na harufu ya maharage. Sauti yake ilipanda na kushuka. Nikaanza kuota. Niliota niko kwetu, ni alfajiri, ndiva imefunguliwa, na maji yanapita nyuma ya nyumba yetu kwa ile sauti yake ya mtu anayejisemea peke yake. Nilikuwa msichana tena. Baba alikuwa ananiita nikashike jembe, na mimi nilikuwa nasema naja, naja, na sikuinuka, na maji yalikuwa yanapita, yanapita.

Nikafumbua macho. Nilikuwa Kisiwani, na maji yalikuwa yanapita.

Bibi naye macho yake yalikuwa wazi. Alikuwa anasikiliza, lakini si maombi. Tukatazamana. Nikamsogelea, nikamnong'oneza kwa Chasu, lugha yetu Wapare, "Bibi, yale maji ni zamu ya nani?"

"Maji yapo tu, mwanangu. Wageni ndio hawapo kila siku."

Nikatoka. Mfereji ulikuwa umejaa, maji mekundu, yanakwenda kasi kando ya shamba la bibi bila kuingia. Majani ya mahindi yake yalikuwa yamejikunja kama sigara. Chini ya mgunga alikaa mgawa maji, jembe mapajani, na mbele yake kijiti kimechomekwa ardhini na jiwe dogo upande. Kando yake alisimama jirani, mwenye shamba la chini, mtu wa msikitini, kofia yake imefuliwa ikawa nyeupe kuliko kitu chochote nilichokiona huko.

"Shikamooni."

"Marahaba. Wewe ni katika wale wanaoimba?" mgawa maji akauliza.

"Ndiyo. Maji haya ni ya nani?"

"Ya bibi mnayemwimbia."

"Na yanakwenda wapi?"

"Yanakwenda zake. Mwenyewe hakuja kufungua."

"Si ungemfungulia?"

"Mimi nagawa, sifungui. Nikianza kuwafungulia, kesho mtataka niwalimie."

"Kwa nini hamkumwita?"

Jirani akacheka kidogo. "Amwache mgeni ndani aje shambani? Bibi huyu? Atakubali mahindi yafe kwanza."

Ndipo nikaelewa. Maji yetu, yale tunayoyafungua mlimani alfajiri, ndiyo haya. Sisi tunapomaliza na kunawa miguu, yaliyosalia bado yako njiani yanashuka, na huku tambarare yanafika saa nne. Tulikuwa tumebeba adabu yetu hadi Kisiwani tukaitua juu ya zamu ya mjane.

"Zamu yake inaisha lini?"

Mgawa maji akaonyesha kivuli cha kijiti. Kikigusa jiwe, basi. Nikapima: vidole vyangu vinne. Nikamwomba apime kwa vyake, vikawa vitatu na kitu, maana vyake vilikuwa vinene. Nikarudi kwenye vyangu. Hata hivyo vidole vinne havimwagilii shamba, maji yangefika katikati na kukatwa. Na zamu isiyotumika haisogezwi siku nyingine. Mpaka izunguke tena, mbelewele zingekuwa vumbi.

Anayefuata alikuwa jirani.

"Baba," nikamwambia, "nakuomba nusu ya zamu yako."

"Nusu? Kwani mahindi yangu hayanywi?"

"Yako yametoa mbelewele?"

"Bado."

"Basi yanaweza kuvumilia."

"Unayajua mahindi yangu kuliko mimi?"

"Mahindi yako siyajui. Najua kupatana."

Akamtazama mgawa maji, wakacheka wote wawili. "Haya, patana."

Kesho yake kulikuwa na msaragambo, kila nyumba itoe mtu wa kuzoa tope mferejini, na yeye mgongo wake ulikuwa mbovu. Alitaka watu watano, kutwa nzima. Nikatoa wawili hadi adhuhuri. Akasema mgongo wake ni wa kutwa nzima. Nikasema nimemwona akisimama vizuri tu tangu nimekuja. Tukaishia watano hadi adhuhuri.

"Na yule anayeomba awemo."

"Huyo hasa," nikasema.

Mgawa maji akatikisa kichwa kwamba amesikia, na mimi nikavunja ukuta wa tope kwa mguu wangu, maji yakaingia kwa bibi. Nikarudi ndani mbio. Mwinjilisti alikuwa amefika kwa Eliya, lakini lile wingu dogo la mvua lilikuwa bado halijatokea baharini. Nikasema amina kwa sauti ya stesheni. Wasichana wakaitikia amina, kama walivyozoea, na mzee wa kanisa akaamka naye akaitikia.

Mwinjilisti akafumbua macho. "Nilikuwa sijamaliza."

"Utamalizia shambani, mwinjilisti. Vua viatu."

Alitaka kusema neno, kisha akasikia maji. Alikuwa mtoto wa mlimani kama mimi. "Saa nne," akasema polepole. "Yanafika huku saa nne." Akainama akaanza kufungua kamba.

Bibi alikataa kutoka. "Nina wageni."

"Wageni wanakwenda nawe, bibi."

Saa zile shambani sijui nizieleze vipi. Tulikuwa na nguo nyeupe za kuimbia. Maji yaliingia kwenye nyufa na ardhi ikatoa sauti ndogo ndogo, kama watoto wanaonyonya. Povu lilitembea mbele ya maji likibeba majani makavu na wadudu. Bibi aliyaongoza kwa nyayo zake, akiziba hapa kwa kisigino, akifungua pale kwa kidole gumba, hakuangalia chini hata mara moja. Mtu angetupita njiani angeona watu weupe watano na bibi mmoja wakizunguka ndani ya mahindi bila haraka, wakionekana na kupotea, na angekwenda kusimulia kwao kwamba ameona jambo. Kivuli kiligusa jiwe na hakuna aliyetufukuza. Jirani alikaa chini ya mgunga akatutazama, na nusu zamu yake ikatupita miguuni.

Makande tuliyala jioni, yameungua chini. Kesho yake tulizoa tope hadi adhuhuri, mwinjilisti mbele. Nikajua biashara imekwisha, kila mtu amepata chake.

Mahindi ya bibi yakazaa. Nimelijua hilo kwa sababu baada ya mavuno alikuja mwenyewe stesheni ya Same, na kifurushi cha mahindi kichwani, akasimama kando ya kapu langu la ndizi mpaka treni iondoke. Kifurushi kilikuwa changu. Nikamsalimu, nikamkalisha.

"Jirani yangu," akasema, "mistari yake miwili ya chini haikuzaa. Ile ambayo maji hayakufika."

"Lakini bibi, tulimlipa. Tulizoa tope."

"Nyinyi mlilipa deni la kwenu. Mimi ndiye niliyevuna. Nimempelekea debe, amelirudisha. Anasema hakunipa mahindi, alinipa maji. Nimempa zamu yangu, anasema shamba lake sasa limelala, maji ayafanyie nini. Hana kinyongo. Ananisalimu kila siku, na kila akinisalimu nainamisha uso. Wewe ndiye uliyepatana naye, mwanangu. Nimlipe nini?"

Nikamwambia anipe muda nifikirie. Treni mbili zilipita na sikuuza kitu. Alipanda lori la jioni bila jibu, na miaka michache baadaye akafariki, na jirani baada yake. Nimeuza karibu kila kitu kinachouzika kati ya Same na Kihurio, na bei ya nusu zamu ya maji bado siijui. Wajukuu wa jirani wako Kisiwani hadi leo, wanalima shamba lilelile. Wewe unayesoma, kama kwenu nako mnagawana maji kwa zamu, nishauri: niwapelekee nini, na niseme kimetoka kwa nani?