Bi Rawya na Neno la Siri la Silima

Hili hamtaliamini. Hata mke wangu hakuliamini, naye ameniamini makubwa zaidi. Hapa hapa Pemba alitokea mtu akisoma Wete, Wambaa na Vitongoji kwa wakati mmoja, na wala hakuwa jini.

Mpwa wangu Rawya ni mkutubi wa chuo kimoja pale Wete. Akili zile kazitoa kwangu. Mimi niliishia darasa la sita kwa kuwa walimu waliishiwa cha kunifundisha. Yeye hutunza majarida ya kitaalamu ya kwenye mtandao. Chuo huyalipia, na kila mwanachuo hupewa neno lake la siri, akasomee hata kwao.

Mwaka ule wa uchaguzi mikarafuu ilikuwa inakauka. Silima, mwanafunzi wa kilimo, akapata jarida lenye dawa ya ugonjwa huo. Jirani akamwomba neno la siri, akampa. Jirani wa jirani naye akapewa. Watu wa vyama viwili, wasiouziana hata chumvi dukani, wote wakawa Silima.

Wenye majarida huko Ulaya wakaona Silima mmoja anasoma kila kijiji. Wakasema huyu mwizi, wakakifungia mlango chuo kizima.

Mkuu wa chuo akamwambia Rawya, "Pasipofunguliwa kabla ya mitihani, kazi hii tunampa mtu wa Unguja."

Wa Unguja! Rawya akamwita Silima.

"Umegawa neno la siri?"

"Bi Rawya, jirani kaja kuomba moto, nimnyime?"

"Moto ukiugawa haupungui, yakhe. Huu umetuzimikia sote."

Akalifuta neno lile, akampa Silima jipya la peke yake, akawaandikia wenye majarida ukweli mtupu. Kisha akausoma mkataba upya, akakuta kifungu: mgeni yeyote akiingia maktaba, ruhusa kusoma humo humo. Mlango ulipofunguliwa, mitihani ikiwa bado, akatangaza. Wakulima wakaja, wakavua viatu mlangoni kama msikitini, vyama vyote viwili benchi moja, maktaba ikanukia karafuu. Huko Ulaya Silima akarudi kuwa mtu mmoja.

Foleni, wallahi, ilifika bandarini! Na mzungu mwenye majarida akapiga simu mwenyewe, analia, anasema tangu azaliwe hajapata kuona mkutubi kama—

Huyu Rawya nyuma yangu, anasoma ninachoandika.

"Mjomba! Ilikuja barua pepe ya mstari mmoja. Na hiyo foleni uliionea wapi, nawe ulikuwa umelala juu ya kompyuta yangu?"