Kiko cha Wagonga Mawe

Kwa miaka arobaini Seipone na Boikanyo walivuta kiko kimoja. Walianza wakiwa wasichana, mbele ya rundo la mawe nje ya mji wa Kuruman, Afrika Kusini, wakigonga kwa nyundo ili kutenga nyuzi za asbesto na mwamba. Vumbi lilipowakaba, wanawake waliowatangulia waliwapa kiko. "Vuta, ulitoe hilo vumbi." Ukivuta unakohoa, ukikohoa unatema makohozi ya kijivu. Nani angebisha kwamba si dawa?

Mgodi ulifungwa. Kiko kikabaki.

Leo Seipone alikuwa ametoka kliniki na picha ya kifua. Mapafu yalikuwa na makovu, ila saratani haikuonekana. Muuguzi, binti wa jirani, hakumficha kitu.

"Mama, vumbi limeshakaa, siwezi kulitoa. Lakini usipige hesabu ya kujumlisha. Hatari ya vumbi na ya moshi zinazidishana. Ukiacha tumbaku, hatari ya saratani ya mapafu itapungua mwaka hadi mwaka. Haitaisha, ila itapungua."

Kuacha tumbaku angeweza. Je, Boikanyo? Kiko ndicho kilichowakutanisha kila alasiri, hata mwaka ule walipozika waume zao.

Boikanyo alimkuta uani, akaketi, akavuta kiko mara mbili, akampa. Seipone akaacha mikono yake mapajani.

"Nimeacha."

"Umeacha nini, kunywa maji?"

"Kiko. Muuguzi kasema…"

"Yule tuliyemfuta kamasi! Mama yangu alivuta mpaka meno yakamwisha, akafa kwa uzee."

"Mama yako hakugonga mawe, Boikanyo. Sisi tuligonga."

Kiko kilibaki hewani kati yao, kisha Boikanyo akakirudisha kwake.

"Kwa hiyo umeniacha mimi."

"Wewe sijakuacha. Kaa. Ila moshi wako uende kule."

Boikanyo akasonya, akabeba kigoda chake hadi mwisho wa ua, upande upepo unakoelekea, akampa mwenzake mgongo. Akavuta peke yake kwa muda mrefu.

"Mbuzi wa mzee Mmoloki kazaa?" akauliza hatimaye kwa sauti kubwa, bila kugeuka.

"Mapacha!" Seipone akapaza sauti.

"Wa kike?"

Wakaendelea hivyo alasiri nzima, wakipigiana kelele kutoka pande mbili za ua, kila mmoja akisita katikati ya sentensi kungoja pumzi imrudie.